Tupeane uzoefu: Mabibi wa Kilatino waliotupokea Marekani, na kazi walizozifanya

Mleta mada, San Antonio, Texas

Ndugu wanajamvi, amani iwe nanyi.

Mwezi wa Februari tulimzika bibi mwenye nyumba wangu, ambaye nimeishi uani kwake kwa miaka kumi na minne hapa San Antonio. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Mexico, Mkatoliki aliyekwenda misa ya alfajiri kila siku aliyokuwa na nguvu za kutembea, nami ni Mwislamu wa Tanga niliyefika hapa na begi moja na nafasi ya kusomea uuguzi. Mtaa mzima ulimwita Abuelita, yaani bibi kwa kudekeza, lakini mimi nilimwita Bibi kwa lugha yetu, mpaka wajukuu zake wa kuzaliwa nao wakaanza kumwita hivyo. Tangu afariki, ndugu zangu wa nyumbani wananiuliza kwa nini ninamlilia mtu wa dini nyingine na taifa jingine kana kwamba nimefiwa na mama mzazi. Nimeona niwajibu hapa, kisha niwaombe ninyi mliopanga, mliofanya kazi au mliouguza katika nyumba za Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, mtusimulie mabibi mliowajua. Ombi langu ni kwamba tusiandike sifa tupu. Tuandike walifanya kazi gani, kwa mikono ipi na kwa faida ya nani, kwa sababu wanawake wa namna hii huzikwa wakitajwa kuwa walikuwa na moyo mwema, na kazi yenyewe haitajwi kabisa, kana kwamba moyo huo ulipika, ukafua na kuhesabu fedha wenyewe.

Bibi alizaliwa mwaka 1932 upande wa magharibi wa mji huu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na sakafu ya udongo, na familia kadhaa zilichota maji kwenye bomba moja. Mama yake alikuwa mbanguaji wa pekani, ambayo ni kokwa ya mti yenye ganda gumu. Sisi wa pwani tunaowajua wanawake wa korosho, na vidole vyao vilivyobabuka kwa utomvu, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kubangua kwa ujira wa kupimiwa mzani. Miaka ile San Antonio ndiyo iliyokuwa kitovu cha kazi hiyo. Watu walijazana kwenye mabanda yasiyopitisha hewa, vumbi la maganda likawaingia vifuani, na kifua kikuu kiliua wengi. Mwezi wa Januari 1938 waajiri walipunguza ujira kutoka senti 7 hadi 6 kwa ratili ya nusu za kokwa zisizovunjika, na kutoka 6 hadi 5 kwa ratili ya vipande. Tarehe 31 ya mwezi huo wabanguaji wapatao 12,000, wengi wao wanawake, waliweka kazi chini, na kiongozi waliyemchagua alikuwa Emma Tenayuca, msichana wa miaka 21. Mamia walikamatwa. Bibi alikuwa na umri wa miaka sita tu, lakini hadi mwisho wa maisha yake alikumbuka mama yake akirudi jioni na macho mekundu kwa moshi wa kutoa machozi, akiketi kizingitini na kuwaambia watoto wasimguse mpaka aoge.

Mgomo ulimalizika kwa usuluhishi, na mwaka huohuo sheria ya nchi nzima iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa senti 25 kwa saa. Wenye viwanda, badala ya kulipa senti hizo, walileta mashine na kuwaachisha kazi maelfu ya watu, mama yake Bibi akiwa mmoja wao. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya tamale katika familia hiyo. Mama alipika usiku, na binti wa miaka minane alitembeza ndoo iliyofunikwa kwa taulo, akipiga hodi mlango baada ya mlango kabla ya kwenda shule, ambako watoto walichapwa wakisikika wakisema Kihispania.

Kwa wasiozijua, tamale ni kinyunya cha mahindi kilichojazwa nyama au maharage, kikafungwa ndani ya maganda ya gunzi na kupikwa kwa mvuke. Unga wake si kama wetu wa ugali. Mahindi huchemshwa pamoja na chokaa hadi ngozi ya punje imenyuke, kisha husagwa yakiwa bado na maji yake. Kinyunya hupigwa na mafuta kwa muda mrefu mno, na ili kujua kama kimetosha Bibi alidondosha kidonge kidogo kwenye glasi ya maji. Kikielea, kazi imekwisha; kikizama, mikono inarudi kwenye beseni. Chini ya sufuria ya mvuke aliweka sarafu moja, nayo iligongagonga kwa muda wote maji yalipokuwa yakichemka. Sarafu ikinyamaza, maji yamekauka, na kila mtu aliyeko jikoni, hata awe katikati ya hadithi gani, hukimbilia birika.

Bibi alifanya kazi miaka ishirini na saba katika jiko la shule, akiamka saa kumi usiku, lakini fedha ya tamale aliitenga na mshahara na kuiweka kwenye kopo la kahawa. Sababu yake alinieleza mwenyewe. Hadi mwaka 1966, mtu wa Texas hakuweza kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo bila kulipa kodi ya dola 1.75, na kodi hiyo ililazimu kulipwa kabla ya Januari kwisha. Msimu wa tamale ni Desemba. Basi Krismasi ya wengine ilimpa yeye fedha ya kulipia kura yake, ya mumewe, na ya majirani wawili au watatu waliopungukiwa. Babu yangu wa Pangani alikuwa akisimulia kodi ya kichwa ya wakoloni, iliyowafanya watu wajifiche maporini. Nilipomsimulia Bibi habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba babu yangu alilipa ili aachwe, na yeye alilipa ili asikike, na kwamba mlipishaji alikuwa na nia moja katika nchi zote mbili.

Jambo la pili ambalo ningependa lisisahaulike ni maji ya mvua. Upande huu wa mji haukuwa na mifereji ya maana, na kila mvua kubwa iliponyesha vijito vilifurika, nyumba zikajaa tope, na watoto wakaenda shule wakiwa wamebeba viatu vichwani. Mwaka 1974 parokia za eneo hili ziliunda umoja wa wananchi ulioitwa COPS, chini ya uratibu wa Ernesto Cortés, mzaliwa wa mji huuhuu, na mafuriko ya Agosti yalipokuja umoja huo ukawajaza watu katika mikutano ya halmashauri kudai mifereji iliyokuwa imechorwa kwenye mipango na kuachwa makabatini kwa miaka mingi. Bibi hakuwahi kushika kipaza sauti. Alikuwa na haya ya kusema Kiingereza mbele za watu. Alichofanya ni kupita nyumba kwa nyumba na daftari la shule, akiandika maji yalifika kimo gani ukutani katika kila nyumba, kitanda cha nani kiliharibika, na ni mtoto yupi aliyeumwa baadaye. Jikoni mwake bado kuna mistari ya penseli nyuma ya mlango, kila mmoja na mwaka wake. Wale waliosimama kusema, na wengi walikuwa akina mama wa parokia, walisema wakiwa na hesabu za namna hiyo mikononi. Mwezi wa Novemba wapiga kura walipitisha mkopo wa kujenga mifereji, na leo nikipita juu ya mfereji ulio nyuma ya mtaa wetu ninaona mwandiko wake ndani yake.

Mimi nilifika kwake muda mrefu baadaye, akiwa mjane. Desemba yangu ya kwanza alikuja kunigongea mlango, akaniita jikoni, ambako walikuwa wamekaa wanawake tisa kuzunguka meza, kila mmoja akipaka kinyunya kwa mgongo wa kijiko. Nilisimama mlangoni nikitafuta namna ya kusema, bila kumvunjia heshima, kwamba siwezi kula mafuta ya nguruwe. Kabla sijafungua kinywa alinionyesha sufuria mpya kabisa, iliyofungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na beseni jipya, na kijiko kipya. Alikuwa amemuuliza kijana wa duka la nyama halali, upande wa kaskazini wa mji, mambo gani niliyokatazwa, na alipanda mabasi mawili kwenda huko. Tamale zangu zilikuwa za maharage na jibini, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa ile sufuria kwa miaka yote kumi na minne.

Baada ya mazishi kulikuwa na rozari ya siku tisa nyumbani kwake. Niliketi nyuma kila jioni, na nilihudumia kahawa kama ambavyo ningehudumia katika matanga ya kwetu. Karibuni mseme.

Mchangiaji kutoka Chicago, Illinois

Pole sana, dada yangu. Mungu amlaze mahali pema.

Mimi ni mzaliwa wa Kivu ya Kusini na nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tulipoletwa Chicago, mama yangu alikuwa mtu mzima ambaye hajui Kiingereza hata salamu, na kwa miezi mitatu ya mwanzo hakutoka ndani. Ghorofa ya chini aliishi bibi wa Puerto Rico, aliyehamia huku katika miaka ya 1950 akiwa msichana na kushona nguo kiwandani hadi macho yalipochoka. Ilikuwa karibu na Humboldt Park, kwenye barabara ambayo kila mwisho ina bendera kubwa ya chuma ya Puerto Rico, zilizosimikwa mwaka 1995.

Siku moja mama alisikia harufu, akashuka ngazi peke yake. Alimkuta yule bibi amekaa na rundo la majani ya mgomba, anakwangua ndizi mbichi na kuzifungia ndani ya majani hayo pamoja na nyama, na jikoni kuna sufuria ya wali wenye mbaazi. Mbaazi zetu hizihizi, wao huziita gandules. Mama yangu alianza kulia. Hawakuwa na lugha moja hata ya kuombana chumvi, lakini mama alivuta kiti, akachukua jani, akalibabua juu ya moto ili lisichanike, kama anavyofanya kila mtu aliyezaliwa penye migomba, na yule bibi akapiga kofi la furaha kwa kuona mgeni anajua. Tangu siku hiyo walipika pamoja kila Jumamosi.

Umesema tutaje kazi, nami nitataja. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, kwa hiyo yeye hakuwahi kuwa na shida ya makaratasi, lakini ndiye aliyewasindikiza wageni wa jengo zima kwenye ofisi za msaada, akikaa nao foleni tangu asubuhi na mkoba wake wa plastiki wenye mikate. Kwenye kiwanja kitupu kilicho kando ya jengo alikuwa na vitalu vya mboga, na alimkatia mama yangu kimoja, ambacho tulipanda lengalenga na matembele. Kimbunga Maria kilipopiga kisiwa chao mwezi wa Septemba 2017, sebule yake iligeuka ghala. Kulikuwa na betri, maziwa ya unga, vichujio vya maji, nepi na taa. Mama yangu, ambaye alikuwa mkimbizi kwa miaka ishirini na aliyezoea kupokea, alikaa pale wiki tatu akifunga maboksi. Aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani kujiona kuwa ni mtu mwenye kitu cha kutoa. Bibi huyo alifariki mwaka 2021, na mama ndiye anayekitunza kitalu chake cha majani ya viungo, ingawa hadi leo hajui jina la majani hayo kwa lugha yetu.

Mchangiaji kutoka Fresno, California

Pole, mama. Nimesoma habari ya wabanguaji mara mbili.

Mimi ni Mkenya kutoka Murang'a na ninauguza wazee majumbani. Sitataja mengi ya kumtambulisha mtu niliyemuuguza, ila nitasimulia mgongo wake. Alikuwa bibi wa Kimexico aliyefanya kazi katika mashamba ya bonde hili tangu akiwa na umri wa miaka kumi na minne, na alipokuwa akilala hakuweza kunyooka. Nilipomuuliza aliupata wapi ugonjwa huo, alicheka kwa upole na kuomba niende kibandani nilete jembe lililotundikwa ukutani. Lilikuwa jembe lenye mpini mfupi sana, usiofika nusu ya mpini wa jembe la kwetu. Walilitumia kupunguza miche ya letusi na kiazisukari, na ilimbidi mtu ainame msimu mzima. Msimamizi aliyasimamia mashamba kwa urahisi, kwa sababu kila aliyenyoosha mgongo alionekana kutoka mbali. California ililipiga marufuku mwaka 1975. Mimi nimelima kahawa na mahindi kwa mama yangu na ninajua jembe, lakini nilipolishika lile nilielewa kwamba lilitengenezwa bila kumfikiria mtu atakayelishika.

Mgomo wa wachuma zabibu ulipoanza Delano, mji wa bonde hili, Septemba 1965, ulianzishwa na wafanyakazi wa Kifilipino, na wiki moja baadaye chama cha wafanyakazi wa mashambani cha akina César Chávez na Dolores Huerta kikajiunga nao. Mwezi wa Machi uliofuata walitembea kwa miguu kutoka Delano hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo, karibu kilomita 480, na wakafika Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1966. Bibi wangu alikuwa na watoto sita na hakuweza kutembea nao, lakini msafara ulipolala katika mji wake aliwapikia maharage na kuwaosha miguu iliyotoka malengelenge, na kwa miaka iliyobaki alisema kwamba naye alikuwemo kwenye msafara. Mimi nasema alikuwemo.

Katika uzee wake kazi yake kubwa ilikuwa misiba. Mfanyakazi wa shambani akifa mbali na kwao, familia hutaka mwili urudishwe Mexico, na gharama ni kubwa. Bibi alikuwa na boksi la viatu lililotobolewa juu, akilibeba kanisani, dukani na kwenye vituo vya mabasi ya mashambani saa kumi na moja alfajiri, hadi fedha zitimie. Sisi Wakenya tunaochangishana huku ugenini kusafirisha marehemu tunadhani jambo hilo ni letu peke yetu.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Poleni nyote mliofiwa. Mleta mada, umetaja kopo la kahawa na daftari. Nimesikia kwamba wanawake wa Kimexico wana mchezo wa fedha unaofanana na upatu wetu. Je, Bibi alikuwa nao, na mtu akishindwa kutoa walifanyaje?

Mchangiaji kutoka Santa Fe, New Mexico

Pole, dada. Niruhusu niongeze habari ya watu ambao wengi wetu hatuwafahamu, kwa sababu tunapomwona Mlatino tunadhani kwamba yeye au wazazi wake walivuka mpaka. Bibi ninayemkumbuka mimi aliishi katika kijiji kilicho kaskazini ya hapa, na jamaa zake walikuwa wakilima pale kabla Marekani haijakuwako. Mwaka 1848, baada ya vita kati ya Marekani na Mexico, mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliiweka ardhi hiyo chini ya Marekani. Wao hawakuhama hata hatua moja.

Mimi ni Mchaga wa Marangu, na kilichonikutanisha naye ni maji. Vijiji vyao vina mifereji ya udongo inayoitwa acequia, inayotoa maji mtoni na kuyagawa kwa zamu, ikisimamiwa na mtu waliyemchagua wenyewe. Jina hilo lilitoka Uarabuni likapitia Hispania. Niliposikia habari zake niliacha kazi siku hiyo nikaenda kuziona, kwa sababu nimekua nikienda na babu kuzibua mfongo, yaani mfereji wetu wa Kichaga. Kila majira ya kuchipua, kabla ya maji kufunguliwa, kila nyumba yenye haki ya maji hutoa mtu wa kufukua tope. Bibi, ambaye alikuwa na miaka themanini na mumewe amefariki, alikuja na koleo lake mwenyewe. Vijana walimwomba apumzike, naye akawajibu kwamba maji yake hayatakuja yamepumzika. Nilifanya kazi kando yake hadi adhuhuri.

Kazi yake nyingine ilikuwa kukandika. Katika desturi yao mwanamume hufyatua matofali ya udongo na kujenga, na mwanamke ndiye anayepaka ukuta kwa matope na majani makavu, kwa kiganja. Kanisa maarufu la San Francisco de Asís lililoko Ranchos de Taos hukandikwa upya na waumini wake kila mwezi wa Juni, na kanisa dogo la kijiji chake nalo lilikandikwa hivyohivyo. Alinifundisha kupima udongo kwa kuuviringisha kama uzi juu ya kidole. Ukikatika, mchanga umezidi. Huko kwetu nyumba za udongo tumezionea aibu tukazibomoa. Yeye alinionyesha ukuta ambao nyanya yake aliukandika, na yeye akaukandika juu yake, na binti yake juu yake tena, na akautaja kila mkono kwa jina.

Mleta mada, San Antonio, Texas

Nawashukuru sana. Nimewasomea mabinti wa Bibi michango yenu, nikiitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, na habari ya boksi la viatu ilibidi niirudie.

Ndugu yangu wa Dar es Salaam, umeuliza swali ambalo ningelisahau. Ndiyo, wanao, na wanauita tanda. Upatu wa Bibi ulikuwa na wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa dola 50 kila baada ya wiki mbili, na mmoja akipokea 600. Hapakuwa na mkataba wala saini. Namba za mwanzo aliwapa wenye shida iliyo mlangoni, kwa mfano kodi ya nyumba au mtoto mgonjwa, na namba ya mwisho aliichukua yeye daima, kwa sababu wa mwisho ndiye anayebeba hatari ya wote waliotangulia. Mtu akishindwa kutoa, Bibi alijaza pengo kwa fedha ya tamale, kisha akamtembelea na chakula, akamwuliza hali ya nyumbani, akamfagilia ua ikibidi, na suala la fedha hakuligusa mpaka mwenyewe aliguse. Ninavyojua mimi, hakuna aliyeshindwa kurudisha, ingawa mmoja alichukua miaka miwili.

Alifariki mzunguko ukiwa umefika namba ya nane. Binti yake mkubwa aliingia mahali pake, akatoa zamu zilizobaki, na mwezi wa Aprili ikafika namba kumi na mbili, ambayo ilikuwa ya Bibi. Wanawake wote walikuja na fedha zao kwenye meza ileile ya jikoni. Binti alifungua daftari ili aandike kwamba zimepokewa, akakuta kwamba mbele ya kila namba mama yake alikuwa ameandika fedha hiyo ni ya kufanyia nini. Mbele ya namba kumi na mbili aliandika paa la uani, upande wa kitanda.

Mwezi wa Januari nilikuwa nimemtajia, mara moja tu, na katika maongezi ya mambo mengine, kwamba mvua ikinyesha ninasogeza kitanda. Fundi alianza Jumatatu na amemaliza jana.